Shofo bila tanki: mambo ya kujua mbele ya kununua maji ya moto ya dushi

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, utaikuta imetundikwa kwenye ukuta: kichwa cha dushi cheupe cha plastike chenye fili tatu nyuma yake, ao kisanduku kidogo cha chuma chenye kitufe cha kuzungusha. Muuzaji atakuambia: «Mama, hii unafungua tu robine, maji ya moto inatoka palepale.» Hapo hadanganyi. Lakini kuna mambo mengi hasemi, na mengine ni ya kufa na kupona.

Mashine hii ni shofo isiyo na tanki, ile wenye kusema Kifaransa wanaita «enstantane». Shofo ya zamani iko na tanki la lita 30, 50 ao 100, inachemsha maji polepole na kuyaweka. Hii mpya haiweki kitu. Maji inapita ndani yake, inakutana na rezistansi ya umeme ao moto wa gazi, na inatoka ikiwa na joto. Ukifunga robine, inazimika. Uzuri wake ni kwamba haipotezi kuran kwa kulinda maji ya moto ambayo hakuna mtu anayeyatumia. Ubaya wake ni huu: kazi ambayo tanki inafanya kwa saa nzima, yenyewe inataka kuifanya kwa sekunde chache. Ndiyo maana inaomba nguvu nyingi sana kwa mara moja. Ukishaelewa neno hilo, mengine yote yanafuata.

Hesabu moja tu, lakini uishike

Kilowati 1 ya umeme inaweza kupandisha joto ya maji yenye kupita lita 1 kwa dakika kwa digri 14 hivi. Hii ni sheria ya maji yenyewe, haitegemee kampuni. Neno «turbo» kwenye karto haiongeze hata wati moja.

Tuchukue maji ya ziwa Kivu. Juu juu iko karibu na digri 24. Mtu anaoga vizuri na maji ya digri 38 mpaka 40, kwa hiyo mashine iko na kazi ya kuongeza digri 16. Shofo ya kilowati 3,5 itakupa lita 3 kwa dakika. Si dushi ya hoteli, lakini unaoga. Sasa peleka mashine ileile kwenye milima ya Lubero, asubuhi, kwa maji ya chemchemi yenye digri 16. Hapo inabidi kuongeza digri 24, na mashine itatoa lita 2 tu kwa dakika. Hiyo ni sawa na kamba nyembamba ya maji, kichwa kinapata, mgongo unangoja. Ndiyo maana ndugu wa Goma anaweza kusifu mashine yake, na wewe wa Butembo ukainunua ukajuta, na hakuna aliyedanganya mwenzake.

Kwa hiyo, mbele ya kwenda dukani, pima mambo mawili nyumbani. La kwanza ni joto ya maji yako saa kumi na mbili asubuhi. Termometri ya kawaida ya kupimia mtoto homa haifai, inaanza juu sana. Tafuta ile ya kupima maji ao ya jikoni. La pili ni mwendo wa maji: weka bidoni ya lita 5 chini ya robine ya dushi na uhesabu kwa telefone. Ikijaa kwa dakika moja, uko na lita 5 kwa dakika. Ikichukua dakika tatu, uko chini ya lita 2, na mashine nyingi hazitawaka kabisa, kwa sababu ndani yake kuna kifaa kinachongoja maji isukume ndipo kiwashe.

Wenye kutumia tanki la mvua juu ya nyumba wasikilize hapa vizuri. Kila metre moja ya urefu inaleta bari 0,1 tu ya nguvu ya maji. Tanki likiwa metre 2 juu ya kichwa cha dushi, uko na bari 0,2. Kuna mashine zinazokubali hiyo, na kuna nyingi zinazoomba zaidi. Tazama kwenye kibandiko namba ya «presiyo minima». Ikiwa imeandikwa kwa megapaskali, 0,02 ni sawa na bari 0,2. Muuzaji akisema «itafanya tu», muombe aifungue karto musome pamoja.

Kuran yako inaweza kuibeba?

Hapa ndipo nyumba nyingi zinashindwa. Wati gawanya kwa volti, unapata ampere. Mashine ya wati 3500 kwenye volti 220 inakula ampere 16. Ya wati 5500 inakula ampere 25. Ya wati 7000 inakaribia 32. Sasa enda kwenye kompteri yako, tazama namba iliyoandikwa kwenye disjonkteri kubwa. Ikiwa ni 10, nyumba yako yote iko na haki ya wati 2200, pamoja na televizyo, frigo na pasi. Hakuna shofo ya enstantane ya kweli itakayoingia hapo. Ikiwa ni 20, uko na 4400, na mashine ya 3500 itakubali kama wengine nyumbani wanaacha pasi na rechaud wakati wewe unaoga. Kubadilisha disjonkteri hiyo kubwa ni kazi ya kampuni inayokupa umeme. Fundi wa mtaa akikuambia ataipita pembeni, huyo anakutengenezea moto.

Fili ni jambo la pili. Kwa wati 3500, fili ya milimetre za mraba 2,5 ndiyo ya chini kabisa, na kama kutoka kompteri mpaka dushi ni mbali, weka 4. Kwa wati 5500, weka 6, na disjonkteri yake peke yake ya ampere 32. Fili hiyo itoke moja kwa moja kwenye kompteri, isipite kwenye prizi, isishirikiane na balbu. Usichomeke shofo ya wati 5500 kwenye prizi ya kawaida. Prizi imetengenezwa kwa ampere 16, itageuka nyeusi, halafu itayeyuka. Hata domino ya plastike ya kuunganisha fili inayeyuka. Mafundi wazuri wanatumia ile ya seramiki. Na fili ya bei nafuu sokoni mara nyingi inaandikwa 2,5 lakini shaba yake ndani ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Mkate ncha, muitazame, mulinganishe na fili nyingine. Watu wa Bukavu, hasa wale wa Kadutu ambako mbao zinagusana na mbao, hawahitaji kuelezwa moto wa fili moja unafika wapi.

Halafu kuna kuran yenyewe kushuka. Saa za jioni, wakati kila nyumba inapika, volti 220 inaweza kushuka mpaka 180. Wengi wanadhani mashine itapoteza kidogo tu. Hapana: nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Kwa volti 180, mashine ya wati 5500 inatoa karibu 3700 tu. Kwa hiyo ile uliyopima mchana ikakufurahisha, usiku itakupa maji ya vuguvugu. Haijaharibika. Oga mapema, ama punguza maji yanayopita ili joto ipande.

Wenye panneau solaire na enverteri ya nyumba, ya kilowati 1 ao 3, wasijaribu. Betri zitaumia na enverteri itajifunga. Groupe ndogo ya petroli vilevile: ile ya kVA 2,5 haibebi wati 5500, itakohoa na kuzimika.

Goma na jiwe la volkano: shida ya fili ya chini

Maji na umeme viko pamoja juu ya kichwa cha mtu aliyesimama uchi na miguu yenye maji. Kitu kinachomlinda ni fili ya tatu, ya rangi ya kijani na njano, inayopeleka kuran ardhini ikiwa mashine imepasuka ndani. Mafundi wanaiita «tere» ao «masi». Nyumba nyingi hazina hiyo fili, na fundi anaikunja tu nyuma ya mashine ama anaikata. Dushi itafanya kazi vizuri sana bila hiyo fili, na hapo ndipo hatari yake: hutajua kama inakosekana mpaka siku ile.

Kwa Goma shida ni kubwa zaidi. Mji umekaa juu ya lava. Kupigilia chuma cha metre 2 ndani ya jiwe hilo haiwezekani, na hata ukiweza, lava kavu haipitishi umeme vizuri. Chuma kifupi kilichosimikwa kati ya mawe ni mapambo. Mafundi wenye kujua kazi wanachimba mtaro mrefu pahali penye udongo, wanalaza fili nene ya shaba bila ngozi, wanaizungushia udongo mweusi na vumbi ya makala, kisha wanafunika na kumwagilia maji. Wakimaliza, wanapima kwa mashine, hawakisii. Na hata hapo, lazima kuongeza diferansieli ya miliampere 30. Hiki ni kifaa kinachofanana na disjonkteri lakini kazi yake ni ingine: kinalinganisha kuran inayoenda na ile inayorudi, na ikiwa kidogo imepotea njiani, labda kupitia mwili wa mtu, kinakata palepale. Kiko na kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi, kisipokata, kibadilishe. Ukikosa pesa ya diferansieli, kwa maoni yangu umekosa pesa ya shofo. Endelea na sufuria mpaka vyote vipatikane.

Kitu kingine cha Goma na cha wote wanaotumia maji ya Kivu: maji hiyo iko na madini mengi kuliko maji ya mvua, na maji yenye madini inapitisha umeme zaidi. Vichwa vingi vya dushi vya bei nafuu, vya muundo ule wa Brazil, viko na rezistansi iliyo wazi, inagusana na maji moja kwa moja. Vimetengenezwa kwa maji matamu. Ukivitumia na maji ya ziwa, unaweza kusikia mwasho kwenye vidole ukigusa robine, ao diferansieli itakuwa inakata kila saa. Usimlaumu diferansieli, inafanya kazi yake. Kule Kenya, ambako watu wengi wanatumia maji ya visima yenye chumvi, maduka yanauza aina mbili, na ile ya maji ya chumvi iko na rezistansi iliyofunikwa ndani ya bomba la chuma. Ndiyo ya kuomba hapa kwetu kandokando ya ziwa. Muulize muuzaji akufungulie kichwa: ukiona waya uliojikunja kama spring ukiwa wazi, ni ile ya maji matamu, ukiona bomba la chuma lililopinda, ni iliyofunikwa. Inaghali zaidi. Inadumu pia zaidi.

Ya gazi: moto mzuri, hewa mbaya

Kwa nyumba ambayo kuran haitoshi, shofo ya gazi ni jibu la kweli. Ile ndogo iliyoandikwa «lita 6» inatoa lita 6 kwa dakika ikiongeza digri 25, nguvu ambayo ingeomba umeme wa kilowati zaidi ya 10. Haiombi kuran, inawashwa na mawe mawili makubwa ya tochi. Kuran ikikatika siku tatu, wewe unaoga.

Lakini mashine hiyo inakula hewa ya chumba na kutoa moshi usioonekana. Ikikosa hewa ya kutosha, inatoa monoksidi ya kaboni, gazi isiyo na harufu wala rangi, ileile inayoua watu waliolala na mbabula ya makala ndani ya chumba kilichofungwa. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unasikia kutapika, usingizi unakuja. Mtu ndani ya dushi anadhani ni joto ya maji. Anaanguka na hakuna anayesikia.

Kwa hiyo shofo ya gazi haifungwi ndani ya chumba cha kuogea. Haifungwi hata kama chumba kiko na dirisha, kwa kuwa siku ya baridi dirisha litafungwa. Inawekwa nje, kwenye ukuta wa barza, chini ya kifuniko cha mabati cha kuzuia mvua, na bomba la maji peke yake ndilo linaingia ndani. Ikiwa lazima iwe ndani ya jiko ao pahali pengine, iwe na bomba la moshi linalotoka nje kabisa, na tundu la hewa chini ya mlango. Sokoni bado utakuta mashine ndogo isiyo na tundu la bomba la moshi juu. Usiinunue. Ilipofika mwaka 2000, China yenyewe ilikuwa imezikataza zile za kuogea za aina hiyo, baada ya watu kufa.

Butele ya gazi nayo iko na tabia yake. Gazi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kujikusanya pahali pa chini. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inayokaa ndani ya mabonde na kuua mbuzi na watoto; gazi ya butele inashuka vilevile, na tofauti ni kwamba hii inalipuka. Usiiweke shimoni wala chini ya ngazi. Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Mapovu yakitokea, inavuja. Usitumie kiberiti kutafuta mahali inapovuja, hata kama fundi anafanya hivyo akicheka.

Kwa mashine zilizotumika zinazotoka Ulaya, soma kibandiko. Ikiwa imeandikwa «gaz naturel» na milibari 20, hiyo ni ya gazi ya mabomba ya mitaani, ambayo sisi hatuna. Butele yetu inataka mashine iliyoandikwa butani ao propani, milibari 28 mpaka 37, ama LPG paskali 2800. Ukilazimisha, moto utakuwa mkubwa kuliko mashine yenyewe. Tena, sisi tuko juu: kwa metre 1500 za Goma na Bukavu, hewa iko nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko kule pwani. Fundi arekebishe moto mpaka uwe wa buluu. Ukiona umegeuka njano na masizi yanaanza, funga na umuite arudi.

Inakula kiasi gani

Bei za mashine na za gazi zinabadilika na dola na hali ya barabara, kwa hiyo tunatoa tu hesabu, wewe utaweka franka zako. Mtu mmoja akioga dakika 8 na mashine ya wati 5500, anakula kilowati-saa 0,73. Familia ya watu wanne kila siku, ni karibu 88 kwa mwezi. Zidisha na bei ya kilowati-saa ya kampuni yako. Kwa shofo ya gazi ya lita 6, dakika 8 zinakula gramu 125 hivi. Butele ya kilo 12 itawaogesha hao wanne siku 24 tu, kama haipiki chakula.

Na linganisha na kitu ambacho hakuna muuzaji atakuonyesha: ndoo ya lita 15 inayochemshwa kwa buyuwari ya umeme ya wati 2000 inakula kilowati-saa 0,35, nusu ya dushi. Kwa nyumba ya kupanga, yenye disjonkteri ndogo na ukuta wa mbao, buyuwari na ndoo si umaskini, ni akili. Shofo yenye tanki dogo la lita 30 pia inafaa pahali ambapo kuran ni dhaifu lakini inapatikana usiku, kwa sababu inaomba wati 1500 tu na haina haraka.

Baada ya kufunga, jambo la kwanza: pitisha maji baridi mpaka hewa yote itoke, ndipo uwashe kuran. Rezistansi inayowaka bila maji inaungua kwa sekunde chache, na hakuna garanti inayolipa hiyo. Fanya vilevile kila mara maji ya Regideso inaporudi baada ya kukatika, kwa kuwa mabomba yanakuwa yamejaa hewa.

Kwa watoto, kuwa na uangalifu mwingine. Mtu akifungua robine ya jikoni, maji ya dushi inapungua na joto inapanda ghafla. Maji ya digri 60 inaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5, ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Mtoto mchanga asiwekwe moja kwa moja chini ya shofo ya aina hii. Jaza beseni kwanza, funga robine, koroga, jaribu kwa kiwiko cha mkono, ndipo umuweke ndani.

Na ukisikia mwasho hata kidogo ukigusa robine ao ukuta wenye maji, toka, zima disjonkteri, na usiruhusu mtu yeyote aoge mpaka fundi apime fili ya chini. Kuvaa sandali za plastike na kuendelea kuoga, kama wengi wanavyofanya, hakurekebishi kitu.